Jikoni Kunaondoka, Chumbani Kunabaki

Jumanne, 4 Machi

Tik!

Basi, hivyo tu. Si mlio wa kitu kuvunjika. Mdogo zaidi ya hapo, kama mtu aliyegonga jino kwa ukucha. Nilikuwa nakunja nguo za Mama kitandani kwake, mchana, jua limejaa chumba kizima, na nilijua hata kabla sijageuka. Kioo changu.

Nilikibandika mwenyewe mwezi wa kwanza. Kipande chembamba, upana wa vidole viwili, plasta kidogo huku, plasta kidogo kule, kimevuka ufa wa ukutani kama daraja. Ofisini tunakiita shahidi. Kioo hakinyumbuki. Ukuta ukitulia, nacho kinatulia. Ukuta ukisogea unene wa karatasi tu, kinakatika. Hakijui kumbembeleza mtu.

Kimekatika.

Mama akaingia na beseni. Nikamwonyesha. Akakitazama kama anavyotazama kikombe kilichovunjwa na mgeni.

"Bandika kingine."

"Mama, shida si kioo."

"Nani kasema shida ni kioo? Nimesema bandika kingine. Na safari hii tafuta kinene."

Nikacheka! Halafu nikaenda bafuni nikalia, maana Baba angecheka zaidi. Tangu afe, hakuna mtu nyumba hii anayecheka utani wa Mama kwa sauti inayotosha.

Nimekula, nimeosha vyombo, nimepiga pasi. Tik, bado imo sikioni.

Alhamisi, 6 Machi

Nataka kuliandika hili lilivyo, mwanzo mpaka mwisho, nione kama litanitoka kifuani.

Baba alikuwa mwashi. Amejenga nusu ya mtaa huu. Nyumba yetu aliijenga kwa mikono yake, Jumapili kwa Jumapili, mimi sijazaliwa. Ufa ulijitokeza nikiwa chuoni. Ulianza sakafu ya sebuleni, mwembamba kama unywele, ukapanda ukuta wa chumba chao, ukatokea nje. Akauziba. Ukarudi. Akauchimbua, akashindilia saruji, akapiga plasta, akapaka rangi. Ukarudi.

Jirani yetu, yule tunayemwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia, alisimama upande wake wa ua akasema kwa sauti ya kusikika: fundi wa mtaa mzima, kwake ukuta unacheka! Watu wakacheka pamoja na ukuta. Kazi zikaanza kupungua, moja moja, bila mtu kueleza kwa nini.

Ndipo Baba akaenda kuuliza ofisi ya vipimo vya ardhi. Ofisi hii hii ninayofanyia kazi sasa. Wakati ule nilikuwa bado nasoma. Mkuu alikuja mwenyewe. Akakaa sebuleni kwetu, akanywa chai, akafungua kompyuta yake mapajani. Akasema: mzee wangu, ardhi ya mtaa huu imetulia. Vipimo vya miaka yote hiyo, hakuna hata milimita moja.

Baba akamshukuru. Akamsindikiza mpaka kwenye gari. Akarudi, akachukua sululu, akaanza kuufukua msingi wake mwenyewe, atafute alikokosea.

Alifukua kona zote. Hakukuta kitu. Na hicho ndicho kilichommaliza — kutokukuta. Angekuta nondo iliyooza, angelala usingizi. Hospitalini, mpira wa hewa puani, aliniuliza: "Kokoto zile, niliziosha?" Nikasema uliziosha, Baba. Mimi! Ambaye sikuwa nimezaliwa!

Leo nimefungua vipimo vya mtaa wetu kwenye mashine. Sifuri, sifuri, sifuri. Kioo kinasema hivi, mitambo ya setilaiti inasema vile. Mmoja wao anakosea. Na kioo hakina akili ya kukosea.

Jumapili, 9 Machi

Shangazi kaja. Dada yake Baba, mdomo ule ule, pua ile ile. Akicheka kwa mbali naumia.

Alikuja na neno lake limeshaiva. "Wifi, funga mizigo, twende kwangu. Ukuta wangu una mchwa lakini haujafunguka kinywa."

"Mchwa wako nawafahamu," Mama akasema. "Walikula mguu wa kiti nikiwa nimekikalia."

"Basi watakuwa wamekuzoea!"

Wakacheka mpaka Mama akajifuta machozi kwa upande wa kanga. Halafu, vile vile akijifuta, uso ukabadilika. Akasema kwa utulivu kabisa: nikihama, watu watasema nini? Watasema hata mke wake kaikimbia. Watasema kumbe alijua.

Shangazi akamwekea mkono begani.

Kwa hiyo ni hilo. Mama haogopi ukuta kumwangukia. Anaogopa kutoka nje ya mlango na mtaa mzima uhesabu kwamba Baba alijenga vibaya.

Sikuweza kukaa ndani. Nikatoka nikaufuata ufa, miguu tu, bila kifaa. Nyuma ya bafu nyasi zimebonyea, maji ya kufulia yanamezwa hapo. Barabarani kuna kiraka cha lami, kimekata njia upande hadi upande. Ng'ambo yake ni karakana ya seremala. Nikamuuliza kama sakafu yake iko sawa. Akasitasita, akasogeza vumbi la mbao kwa mguu, akafunua zulia la plastiki. Ule pale.

"Dada, usiseme kwa watu. Mwenye nyumba atadhani nimeangusha magogo."

Kisha shule. Ukuta wa darasa la mwisho una plasta mpya, mbichi, rangi haijafanana.

Nyumba, barabara, karakana, shule. Ni mstari mmoja! Umenyooka kama umepigwa kwa kamba ya fundi. Na hakuna aliyewahi kuuunganisha, kwa sababu kila mtu aliziba wa kwake, akaona aibu, akanyamaza.

Jumatano, 12 Machi

Nimeelewa. Na sina furaha.

Kila kipimo kinahitaji mahali pa kuanzia. Sehemu moja unayokubali kwamba haisogei, kisha unapima zote nyingine kutoka hapo. Yetu ni nguzo iliyo juu ya paa la ofisi. Tunaiita nguzo mama. Na ofisi iko mashariki ya ufa. Sokoni tulipoweka alama, mashariki. Tangi la maji, mashariki. Kisima, mashariki. Zote! Ni watu wanaoburutwa juu ya mkeka mmoja: wakitazamana usoni kila mmoja ataapa kwamba hakuna aliyesogea. Mkeka wenyewe ndio unaoondoka.

Nikaiacha nguzo mama. Nikahesabu upya kutoka vituo vya mbali, ng'ambo ya bonde, vile ambavyo hatuvitumii kwa sababu mahesabu yake yana usumbufu. Sifuri zikaisha. Milimita tano kwa mwaka, kwenda mashariki, tangu nguzo ilipofungwa. Ofisi inasafiri. Soko linasafiri. Mkuu, kiti chake na kalenda yake, wanasafiri.

Tunafundishwa kwamba ganda la dunia si kipande kimoja. Ni mabamba, yanaelea juu ya mwamba wenye joto, laini kiasi cha kutambaa. Mahali pengine yanagongana na kuinua milima. Mahali pengine moja linazama chini ya jingine na kuyeyuka. Na mahali pengine bamba moja linavutwa huku na huku, linakuwa jembamba, linapasuka. Mwamba ulioyeyuka unapanda kujaza pengo, unapoa, unakuwa ganda jipya. Baada ya muda ambao hauna maana kwa binadamu, bahari inaingia. Nilipata alama za juu kabisa kwa kulieleza hili. Niliandika "muda ambao hauna maana kwa binadamu" na mwalimu akaweka tiki.

Mstari unapita kati ya jiko letu na chumba cha Mama. Jikoni kunaondoka, chumbani kunabaki. Mama anapika kwenye bamba moja na kulala kwenye jingine, na kila asubuhi anavuka na kandambili.

Vitabu hupenda kusema mabamba hutembea kwa kasi ya kucha kukua. Letu halifikii hata hapo. Lakini nimekaa ofisini nikiwaza kucha. Nilizikata za Baba hospitalini, siku za mwisho. Saruji ilikuwa bado imo ndani, pembeni, mstari wa kijivu usiotoka kwa maji. Alinipa mkono mmoja baada ya mwingine, kama mtoto, akitazama dari.

Msingi wake ulikuwa mzima. Alijenga nyumba nzuri juu ya kitu kinachoachana.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwonyesha Mkuu. Ameangalia muda mrefu. Sikutaka kumwonea huruma, nikamwonea.

Nikamuuliza kwa nini nguzo iliwekwa pale.

"Palikuwa na umeme," akasema. "Na mlinzi."

Akavua miwani. Akauliza nyumba ile ya mwashi, yule mzee mpole aliyemfungulia mlango wa gari, iko upande gani. Nikasema iko pande zote mbili.

Nilikuwa sijawahi kumwambia kwamba ni baba yangu. Nimemwambia.

Jumamosi, 15 Machi

Mkuu alikuja nyumbani. Amevaa koti, katika joto hili! Shangazi alikuwepo, na kaka yangu, ambaye alijifunza ufundi kwa Baba na sasa ana mafundi wake. Mkuu alikataa kiti. Akaeleza akiwa amesimama: ardhi inasogea, imekuwa ikisogea wakati wote, kosa ni la ofisi, na mzee hakukosea hata tofali. Akasema, mama yangu, naomba radhi.

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Mwambie yeye aliyejenga," akasema.

Mkuu akabaki na mikono yake.

Mama akachambua, akachambua. Halafu akaweka ungo chini, akaingia uani, akasimama kwenye mpaka wa Redio. Sijawahi kumsikia akipaza sauti hivyo.

"Jirani! Njoo usikie! Njoo na masikio yote mawili! Ni ardhi! Umesikia? Si mkono wa mume wangu, ni ardhi! Na kwako inapita!"

Redio akatoka na mswaki mdomoni. Akatazama ukuta wake.

Nilidhani basi, mlango umefunguka. Jina la Baba limesafishwa, Mama atatoka kichwa juu. Mkuu akamwambia kwa upole kwamba sasa inabidi ahame, yeye na wote walio kwenye mstari, maana mwendo ukishaanza unaweza kuongezeka ghafla. Mama akamtazama kama mtu aliyeambiwa mambo mawili yasiyokaa pamoja.

"Umesema nyumba haina kosa."

"Haina, mama."

"Sasa nyumba isiyo na kosa naihama kwa nini?"

Kaka akatoka nje.

Mimi ndiye niliyeleta hili. Kama kosa lingekuwa la Baba, tungevunja kona, tungemwaga zege upya, Mama angebaki na nyumba. Nimemrudishia jina la mumewe na kumnyang'anya paa lake, kwa hesabu zile zile.

Jumatatu, 17 Machi

Imetikisika. Asubuhi, watu wanaelekea kazini. Kwanza mngurumo mdogo chini ya nyayo, kama lori linalopita mtaa wa pili. Kisha sufuria zikaanza kuzungumza. Tukatoka. Ikatulia. Ikarudi. Mfululizo, ndogo ndogo, mpaka mchana. Ofisini kalamu za mtambo wa kupima mitetemo hazikupumzika. Kitu kinapanda huko chini, kinatafuta nafasi.

Ufa wa sebuleni: jana asubuhi ulikuwa unapokea kidole. Leo mkono wangu umeingia mpaka kwenye kifundo. Kuna joto ndani, au nimejidhania tu. Lenta, ile boriti ya zege iliyo juu ya mlango wa chumba cha Mama, imechomoka upande mmoja. Imelala juu ya tofali moja na nusu. Zege lile, watu wawili hawalibebi.

Shule imefunga. Seremala amehamishia kazi zake kwa shemeji yake. Mkuu amepita na kipaza sauti, mlango kwa mlango, bado na koti lake. Redio amehamisha familia bila kutangaza! Mstari mzima umehama.

Mama amepiga deki. Amepiga deki ufa! Amezunguka kingo zake na kitambaa, taratibu, kama anamfuta mtu uso.

Jioni nimemsihi. Nimepiga magoti, nguo imelowa maji ya deki. Akaniinua kwa kwapa. "Wewe mwanangu umesoma, nakusikia. Lakini baba yako alinijengea mimi. Huko aliko akiulizwa mke wake anakaa wapi, atasema wapi?"

Akapita chini ya lenta kwenda kulala. Aliinama kidogo, kama mtu anayempisha mwingine.

Jumanne, 18 Machi

Mimi pia nimelala mle, mkeka sakafuni. Mama akaniambia nirudi upande wangu. Upande wangu! Hata yeye sasa anasema hivyo.

Nimekwenda kwa Kaka, kwenye jengo analosimamia. Nikamwambia ninachotaka. Mafundi wake wakaacha kuchanganya zege.

"Una wazimu."

"Mama hawezi kukaa kwenye nyumba isiyo na paa."

"Unamjua Mama? Atafungua mwavuli."

Nikacheka, akacheka, halafu akakasirika kwamba amecheka. Akasema zile kenchi, mbao zinazobeba mabati, alizipandisha na Baba, alikuwa kijana, Baba juu, yeye chini anarusha misumari. Akasema Baba alimfundisha kupandisha, hakumfundisha kushusha. Kwa nini nisimsemeshe tena? Kwa nini nisimlete mtu wa dini? Nikamwambia lenta imelala juu ya tofali moja na nusu.

"Nakujibu kesho," akasema. Akampigia kelele mtu asiye na kosa kuhusu maji.

Nimerudi kwa miguu. Nilikuwa nawaza: hakuna nguzo duniani isiyosogea. Hata vile vituo vya mbali nilivyoviamini, navyo viko kwenye bamba lake, vinakwenda. Tunachagua kimoja, tunakubaliana kukiamini, basi. Baba ndiye alikuwa cha kwangu. Nilipima kila kitu kutoka kwake. Sasa sijui nimesogea kiasi gani.

Jumatano, 19 Machi

Kaka kasema ndiyo. Ujumbe wa neno moja.

Shangazi naye amekubali. Atamchukua Mama kliniki kupima presha, kisha atapoteza muda. Kupoteza muda anajua, alisema mwenyewe.

Leo Mama amenisuka. Nimekaa kati ya magoti yake mlangoni, sikuweza kumtazama, nikashukuru kwamba sikuhitaji kumtazama. Akasema kichwa changu kimekaza kama nimeficha jiwe ndani. Nikasema ni kazi.

Imetikisika mara kadhaa. Mama ameendelea kusuka.

Alhamisi, 20 Machi

Tumelitoa paa.

Mama na Shangazi waliondoka asubuhi, Mama amevaa viatu vya kutokea. Kaka alikuwa amejificha na vijana wake kwenye karakana ya seremala, sasa tupu. Ngazi ilikuwa fupi. Redio akatokea kutoka alikohamia, na ya kwake begani, akaiegemeza ukutani bila kuombwa, akaishika chini muda wote. Hakutamka neno. Sikujua kama ana uwezo huo.

Tulianza kwa kutoa vitu. Kitanda, kabati, vyombo, picha ya Baba, mashine ya kushonea. Mimi ndiye niliyepita chini ya lenta, nikawakataza wengine. Kisha Kaka akapanda. Alikaa juu ya mgongo wa paa bila kufanya kitu, mtarimbo mapajani, mpaka nikadhani atashuka. Halafu msumari wa kwanza ukalia. Mabati yametoka kinyume cha yalivyowekwa: la mwisho kwanza, la kwanza mwisho. Chini ya kila bati kenchi zilikuwa nyeupe, kavu, zimekaa sawasawa. Hakuna hata moja iliyopinda. Kaka akawaita vijana wake waje waone maungio. "Tazameni," akasema. "Tazameni kazi." Akageuka upande mwingine.

Sasa mwanga umeingia mahali ambapo haujawahi kuingia. Chumba cha Mama kutoka juu ni kidogo sana. Ufa unaonekana mzima, kutoka sebuleni mpaka uani, na nyumba iko pande zake mbili, kila upande umesimama wima. Wima kabisa! Nimeweka pima maji ya Baba kwenye ukuta wa mashariki, kisha wa magharibi. Kiputo katikati. Katikati.

Naandika nikiwa nimekalia mabati. Kaka amelala kifudifudi kwenye nyasi. Mizigo imefungwa, gari la kukodi liko nje, dereva anauliza tunasubiri nani.

Shangazi amepiga simu, wako njiani. Presha ya Mama ni nzuri, kuliko hata ya nesi. Kisha Mama akamnyang'anya simu. Anaona mawingu upande wetu. Akauliza kama aliacha dirisha la chumbani wazi, maana mvua ikinyesha itamloweshea godoro.

Nikaenda nikaangalia.

Nikamwambia, hapana Mama. Limefungwa.